Unga Hauandikwi Kwenye Cheti cha Kifo

*Scotland na Marekani zinajua ni wanawake wangapi wameuawa na dawa za kulevya, walikuwa na umri gani na damu yao ilikuwa na nini. Pwani ya Afrika Mashariki imeishi na heroini kwa zaidi ya miaka 30, na maswali hayo bado hayana pa kuulizwa.*

Mwanamke akifariki katika mji wa pwani, huoshwa na wanawake wenzake. Mara nyingi ni mama watu wazima, wawili au watatu, waliozoea kazi hiyo na wasiohitaji kuelekezana. Wanamgeuza taratibu, wanamminya tumbo, wanammiminia maji ya majani ya mkunazi. Mara nyingine, wakifika kwenye kinena, nyuma ya goti au shingoni, mkono husita. Pana makovu madogo yaliyofuatana juu ya mshipa. Pana kidonda ambacho hakikupona. Wanatazamana, halafu wanaendelea.

Siri ya maiti haitoki kwenye chumba cha kuoshea. Dini imesema hivyo na malezi yamesema hivyo: aliyeona kisichopendeza akisitiri.

Nje, kwenye majamvi, waliokuja kuzika wanaulizana alikuwa akiumwa nini. Homa. Kifua. Presha. Alianguka tu ghafla. Adhuhuri au alasiri ameshazikwa. Cheti cha kifo, kama kitafuatwa, hufuatwa kwa ajili ya mirathi au mafao, nacho huandikwa lile lile lililosemwa kwenye majamvi.

Nimeanzia hapo kwa sababu mhariri alinipa kazi iliyoonekana nyepesi: linganisha vifo vya wanawake vinavyotokana na dawa za kulevya katika nchi mbalimbali, kisha uwaambie wasomaji wapi hali ni mbaya zaidi. Kwenye karatasi jibu huja upesi. Marekani inaongoza kwa wingi wa vifo, Scotland inaongoza Ulaya, na Afrika Mashariki haionekani kabisa. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba orodha hiyo inapima mambo mawili kwa pamoja: wanawake wanaokufa, na serikali zilizoamua kuwahesabu. La kwanza tunalo. La pili bado.

Kwa dunia nzima, Shirika la Afya Duniani, WHO, katika ripoti yake ya Juni 2024 lilikadiria kuwa watu takriban 600,000 walikufa kwa sababu ya dawa za kulevya mwaka 2019. Kati yao, kiasi cha 160,000 walikuwa wanawake. Ni zaidi ya mmoja katika kila wanne.

Nchi inayopima kila mwili

Scotland ina watu takriban milioni 5.5, karibu sawa na wakazi wa Mkoa wa Dar es Salaam. Mtu akifa ghafla huko na ikashukiwa kuwa alitumia dawa, polisi humpelekea taarifa mwanasheria wa serikali mwenye mamlaka ya kuchunguza vifo vya namna hiyo. Mwili hufanyiwa uchunguzi. Damu na mkojo hupelekwa maabara. Daktari hujaza fomu maalumu akitaja kila dawa iliyokutwa mwilini na ipi kati ya hizo ilichangia kifo. Fomu hizo hukusanywa na ofisi ya taifa ya kumbukumbu, na kila mwaka ripoti hutolewa hadharani, yenye umri, jinsia, mji na aina ya dawa.

Ripoti hizo haziwapi viongozi wa Scotland pa kujificha. Mwaka 1996 walihesabiwa marehemu 244. Mwaka 2020 walifika 1,339, idadi ambayo haikuwahi kuonekana kabla yake. Mwaka 2024 walikuwa 1,017. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwanamke alikuwa mmoja kati ya marehemu watano. Siku hizi ni karibu mmoja kati ya watatu.

Hapo ndipo faida ya kuhesabu inapoonekana. Mtu aliyezitazama hesabu hizo aliona kwamba vifo vya wanawake vinapanda kwa kasi kuliko vya wanaume, na serikali ikaagiza uchunguzi wa kujua kwa nini. Ripoti iliyotoka mwaka 2018, iliyoongozwa na mtafiti Emily Tweed wa Chuo Kikuu cha Glasgow, haikutaja sababu moja. Ilieleza maisha.

Iliwaeleza wanawake waliokuwa wasichana heroini ilipofurika katika miji ya Scotland, sasa wamefika makamo huku ini, mapafu na moyo vikiwa vimechoka. Ilieleza mchanganyiko: heroini au methadoni, dawa inayotolewa kutibu uraibu wa heroini, juu yake pombe, juu yake vidonge vya kutuliza vya mtaani ambavyo mnunuzi hajui vimetiwa nini. Ilieleza vipigo na kubakwa, mara nyingi tangu utotoni. Ilieleza kupunguzwa kwa misaada ambayo serikali huwapa maskini. Na ilieleza habari za mama walioondolewa watoto wao, ambao baada ya pigo hilo hawakuona tena sababu ya kujilinda.

> Hapo ndipo faida ya kuhesabu inapoonekana.

Scotland haikuwa imelala. Mwaka 2011 ilianzisha mpango wa taifa wa kuwagawia watumiaji na jamaa zao naloksoni, dawa inayoweza kumrudisha mtu aliyezidiwa na heroini akiwa ameshaacha kupumua. Ilikuwa nchi ya kwanza kufanya hivyo kitaifa. Hata hivyo, mwaka 2022 vifo viliposhuka hadi 1,051, upande wa wanaume ndio ulioshuka zaidi. Wanawake walibaki nyuma, na safari hii kila mtu aliona kwamba wamebaki nyuma, kwa kuwa tarakimu zilikuwepo.

Marekani ilianzia kwa daktari

Kwetu tukisikia mwanamke amekufa kwa dawa za kulevya, tunawaza kichochoro na sindano. Nchini Marekani msiba huu ulianzia kwenye chumba cha daktari, kwa karatasi yenye mhuri.

Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma iliingiza sokoni OxyContin, kidonge cha maumivu chenye nguvu kama za afyuni, ikiwashawishi madaktari kwamba hatari ya uraibu ni ndogo. Kampuni hiyo ilikiri makosa ya jinai mahakamani mwaka 2007, na tena mwaka 2020. Lakini kati ya 1996 na siku ya kukiri kwa mara ya kwanza, mamilioni ya vidonge yalikuwa yamekwisha kumezwa, na wanawake walikuwa kwenye njia hiyo hiyo. Kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilieleza kwamba wanawake huandamwa zaidi na maumivu ya muda mrefu, huandikiwa dawa za maumivu mara nyingi zaidi, kwa vipimo vikubwa zaidi na kwa muda mrefu zaidi, na wanaweza kufika kwenye utegemezi haraka kuliko wanaume.

Julai 2013 kituo hicho kilitoa hesabu yake. Kati ya 1999 na 2010, karibu wanawake 48,000 walikuwa wamekufa kwa kuzidisha dawa za maumivu za kuandikiwa na daktari. Tangu 1999 vifo hivyo viliongezeka kwa zaidi ya asilimia 400 kwa wanawake, na kwa asilimia 265 kwa wanaume. Wanawake 18 walikuwa wakifa kila siku. Wengi hawakuwa wasichana wa mitaani. Walikuwa mama wa makamo, wenye mgongo unaouma, wenye mkoba wenye vidonge vya maumivu na vya usingizi ndani yake.

Serikali ilipobana vidonge, waliokuwa wameshanasa hawakupona kwa sababu ya kubanwa. Wakahamia heroini, kisha sokoni ikaingia fentanili, ambayo nguvu yake hukadiriwa kuwa mara 50 ya heroini. Miongoni mwa wanawake wenye umri wa miaka 30 hadi 64, waliokufa mwaka 1999 walikuwa 4,314. Mwaka 2017 walikuwa 18,110.

Tarakimu iliyonikaa zaidi ni hii. Mwaka 1999, dawa za kulevya ziliua wanaume 8.2 katika kila Wamarekani wanaume 100,000, na wanawake 3.9 katika kila 100,000. Mwaka 2022 wanaume walifika 45.6 na wanawake 19.4. Kwa maneno mengine, mwanamke wa Marekani wa mwaka 2022 alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya mara mbili ya hatari aliyokuwa nayo mwanamume mwaka 1999. Tukisema tu kwamba wanaume ndio wanaokufa zaidi, tunasema kweli, na ukweli huo unaficha jambo kubwa.

> Mwanamke wa Marekani wa mwaka 2022 alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya mara mbili ya hatari aliyokuwa nayo mwanamume mwaka 1999.

Kuna mengine mawili ambayo msomaji wa kike anastahili kuyajua. Kwa miaka 20 kidonge cha usingizi kiitwacho zolpidemu kiliuzwa Marekani kwa kipimo kile kile kwa wanawake na wanaume. Januari 2013 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliagiza kipimo cha wanawake kipunguzwe nusu, kwa kuwa miili yao huchelewa kukiondoa na asubuhi huamka dawa ikiwa bado damuni. La pili linatoka jimbo la Rhode Island. Watafiti walipopitia kumbukumbu za watu waliokufa kwa kuzidiwa na dawa, walikuta kwamba wahudumu wa gari la wagonjwa walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kumpa naloksoni mwanamke kuliko mwanamume. Mama wa makamo aliyelala sakafuni kwake hafanani na picha ya mtumiaji wa dawa iliyo akilini mwa anayemwokoa. Dakika zinapotea kwenye picha hiyo.

Mwaka 2024 kulitokea nafuu kubwa: makadirio ya CDC yalionyesha vifo takriban 80,000 kwa jinsia zote, kutoka kiasi cha 110,000 mwaka uliotangulia. Ni nafuu ya kweli. Bado ni idadi ya watu wa mji mzima.

Tarakimu zisizokaa meza moja

Hata kati ya nchi zinazohesabu, kulinganisha kunataka uangalifu, na kwa wanawake unatakiwa zaidi.

England na Wales ziliandikisha vifo 5,448 vya sumu ya dawa mwaka 2023, karibu theluthi moja wakiwa wanawake. Lakini hesabu hiyo inabeba kila aina ya dawa, pamoja na parasetamoli, na inabeba waliojiua kwa makusudi. Hesabu ya Scotland niliyoitaja hapo juu ni ya matumizi mabaya ya dawa peke yake. Sehemu ya waliojiua kwa makusudi ni kubwa zaidi miongoni mwa wanawake, hivyo ukiziweka hesabu hizo mbili kando kwa kando bila kuuliza kilichohesabiwa, utawadanganya wasomaji bila kukusudia. Tena England na Wales huhesabu kwa mwaka wa kuandikishwa, na uchunguzi wa kifo unaweza kuchukua miezi mingi. Karibu nusu ya wanaoonekana katika mwaka fulani walikufa mwaka mwingine.

Katika Umoja wa Ulaya kwa jumla, wanawake ni karibu robo ya wanaokufa kwa kuzidisha dawa. Sehemu hiyo ni kubwa zaidi katika nchi za kaskazini, na nchini Uturuki, nje ya Umoja huo, ni ndogo mno. Je, wanawake wa Uturuki wanalindwa na familia na mila, au vifo vyao vinapewa jina jingine? Takwimu peke yake haiwezi kujibu. Mtu aliyekulia katika jamii yenye stara kama yetu atasita kabla ya kushangilia.

Halafu kuna kifo kinachokuja kwa kuzunguka. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa watu 585,000 walikufa kwa sababu ya dawa za kulevya mwaka 2017, na zaidi ya nusu yao waliuawa na maradhi ya ini yaliyotokana na homa ya ini aina ya C ambayo haikutibiwa. Hao hawakukutwa na sindano mkononi. Walikufa wodini, miaka mingi baada ya sindano, na nchi inayohesabu waliozidisha dozi peke yake haiwaoni.

Anayedungwa wa pili

Heroini ilifika kwetu kwa bahari. Majahazi hutoka pwani ya Makran, huko Iran na Pakistani, yakashuka na pepo mpaka maji ya Kenya, Tanzania na Msumbiji. Mzigo mkubwa hupita kwenda Ulaya na kwingineko, lakini tangu miaka ya 1980 sehemu yake imekuwa ikibaki Mombasa, Malindi, Unguja, Tanga na Dar es Salaam. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania ilitangaza kukamata zaidi ya kilo 3,000 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa.

Kilo tunazijua. Wanawake hatuwajui.

Walio karibu na maskani za mateja husimulia habari inayofanana kutoka mji hadi mji, na watafiti wameikuta hivyo hivyo. Msichana huonjeshwa na mwanamume anayempenda. Mwanzoni ni moshi, unga uliochanganywa kwenye msokoto wa bangi. Baadaye ni sindano, na sindano hiyo humilikiwa na mwanamume. Yeye ndiye anayenunua kete, ndiye anayechemsha, ndiye anayejidunga kwanza. Mwanamke hudungwa wa pili, kwa bomba lile lile lenye damu ya mwenzake. Fedha ya kete ya kesho mara nyingi ataitafuta yeye, kwa mwili wake, usiku, arosto ikimkimbiza.

Uchunguzi uliofanywa Kenya, Nairobi na Pwani, mwaka 2011 ulionyesha matokeo ya mpangilio huo. Miongoni mwa wanaume wanaojidunga, kiasi cha 16 katika kila 100 walikuwa na virusi vya Ukimwi. Miongoni mwa wanawake walikuwa karibu 45 katika kila 100.

Dar es Salaam ilitoa habari iliyowashtua madaktari wa dunia. Mwaka 2005 mtafiti Sheryl McCurdy na wenzake waliandika katika jarida la tiba la BMJ kwamba wapo wanawake, wengi wao wakijiuza, waliokuwa wakimsaidia mwenzao asiye na fedha kwa kumpa damu yao. Aliyejidunga alivuta damu yake kwenye bomba mara tu baada ya heroini kuingia, na mwenzake akajidunga damu hiyo akiamini ina masalia ya unga ya kumtuliza arosto. Nimesoma habari hiyo mara nyingi. Kila mara kinachoniumiza ni huruma iliyomo ndani yake: mwanamke anampa mwenzake kitu pekee alicho nacho, na kitu hicho kinaua.

Mmoja wao akifariki miaka sita baadaye kwa kifua kikuu, ataandikwa kifua kikuu. Ni kweli. Ila si kweli yote.

Dirisha la methadoni

Tanzania ilikuwa ya kwanza katika bara la Afrika kusini mwa Sahara, ukiacha visiwa, kufungua kliniki ya umma ya methadoni, Hospitali ya Taifa Muhimbili, Februari 2011. Kenya ilifuata Mathari mwishoni mwa 2014, kisha Malindi. Zanzibar ilianza Kidongo Chekundu. Mgonjwa hufika kila siku, hunywa dozi yake mbele ya mhudumu, na polepole maisha hurudi. Ni kazi nzuri, na wanaoifanya wanastahili heshima yetu.

Katika miaka ya mwanzo ya Muhimbili, wanawake hawakufika hata mmoja katika kila wagonjwa kumi. Hilo si la Tanzania peke yake. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 ilikadiria kuwa duniani kote mwanamume mmoja kati ya saba wenye uraibu yuko kwenye matibabu, na mwanamke mmoja kati ya kumi na wanane.

> Mwanamume mmoja kati ya saba yuko kwenye matibabu. Mwanamke ni mmoja kati ya kumi na wanane.

Sababu si ngumu kuziona ukizitafuta. Foleni ni ya wanaume, na baadhi yao ndio waliompiga au kumnunua. Nauli ni ya kila siku. Anayefanya kazi usiku hana nguvu za alfajiri. Mwenye mtoto mgongoni hutazamwa na kila anayepita. Mwenzi wake, ambaye naye ni teja, hataki aende, kwa maana akipona yeye, nani atatafuta kete?

Tena kuna mwili wenyewe. Heroini huweza kusimamisha hedhi kwa miezi, na mwanamke hudhani hawezi kushika mimba. Hugundua ana mimba ya miezi mitano au sita akiwa hajawahi kupima chochote. Akianza methadoni hedhi hurudi, na asipoelezwa mapema hushika mimba asiyoitarajia. Kliniki iliyopangwa kwa kumfikiria mwanamume haiwezi kuwa na uzazi wa mpango, mkunga na dozi kwenye jengo moja. Mwanamke anavihitaji vyote vitatu.

Mvutano mkubwa ni juu ya mtoto

Katika nchi zote nilizosoma habari zake, hakuna jambo linalowagawa watu kama hili: mama mwenye uraibu aachiwe mtoto wake au asiachiwe?

Upande mmoja unamtazama mtoto, na una haki. Mtoto anayelelewa na mtu aliyelewa unga yumo hatarini. Anaweza kulala njaa, kuchomwa na sindano, kuchukuliwa na mgeni. Maofisa wa ustawi wa jamii waliozika watoto kwa sababu hiyo hawahitaji kufundishwa huruma na mwandishi wa gazeti.

Upande wa pili unasema kwamba hofu ya kunyang'anywa mtoto ndiyo inayomzuia mama asitafute msaada. Jimbo la Tennessee, Marekani, lilijaribu ukali. Kuanzia Julai 2014 sheria yake iliruhusu mama kushtakiwa ikiwa mtoto alizaliwa na madhara ya dawa za kulevya. Madaktari walieleza kuwa wanawake walianza kukwepa kliniki za wajawazito, wengine wakivuka mpaka kwenda kujifungulia majimbo mengine. Sheria hiyo ilikoma Julai 2016 bila kuongezewa muda.

Huenda hofu hiyo ina gharama inayopimika. Utafiti mmoja ulionyesha kuwa nchini Marekani, miongoni mwa wajawazito na waliojifungua karibuni wenye umri wa miaka 35 hadi 44, vifo vya kuzidisha dawa vilipanda zaidi ya mara tatu kati ya 2018 na 2021. Kanada ina jeraha lake lenyewe. Katika jimbo la British Columbia, wanawake wa mataifa ya wenyeji wa asili wamekuwa wakifa kwa dawa kwa kiwango kinachozidi mara 10 kile cha wanawake wengine wa jimbo hilo, katika jamii ambazo serikali iliwahi kuwachukua watoto kizazi baada ya kizazi na kuwapeleka shule za bweni.

Kwetu anayemchukua mtoto kwa kawaida ni bibi au shangazi. Ni rehema kubwa, na imewaokoa watoto wengi. Lakini mama aliyekatazwa kuvuka kizingiti cha nyumba alimo mwanawe amenyang'anywa vile vile, na hakuna hakimu atakayemwambia lini atarudishiwa.

Msimamo wangu ni kwamba mtoto alindwe na mama atibiwe mahali pamoja. Si ndoto. Mjini Dundee, Scotland, shirika la Aberlour lilifungua nyumba ya mama kuishi na mtoto wake wakati wote wa matibabu, chini ya uangalizi. Mjini Vancouver, tangu 2017, kuna kituo kiitwacho SisterSpace ambamo wanawake peke yao huingia, na akizidiwa mmoja yupo wa kumwamsha. Nao mwongozo wa WHO wa mwaka 2014 unaelekeza kwamba mjamzito mwenye uraibu wa heroini apewe methadoni au buprenofini badala ya kukatishwa ghafla, maana kumkatisha ghafla kunamrudisha kwenye unga na kunahatarisha mimba.

Wanaopinga, na wanachokisema

Wapo wanaosema fedha ya umma iende kwenye boti za doria na mahakama kabla ya kwenda kwa mateja. Siwapuuzi. Mzigo ukikamatwa baharini kuna msichana ambaye hataonjeshwa. Lakini Marekani imetumia fedha nyingi kuliko nchi yoyote kwa ulinzi na magereza, na vifo vyake nimevitaja.

Wapo wanaouliza kwa nini tuandike juu ya wanawake ilhali wanaume wanaokufa ni wengi zaidi kila mahali. Jibu limo kwenye foleni ya methadoni. Huduma zimepangwa kwa kuwafuata walio wengi, kwa hiyo kila mwaka wachache wanazidi kusahaulika.

Na wapo wanaosema kuandika sababu ya kifo ni kuivunjia heshima maiti na familia yake. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote kwa jamii yetu, na haifai kujibiwa kwa haraka. Ninachoweza kusema ni kwamba ripoti ya Scotland haina jina hata moja. Ina umri, jinsia, wilaya na dawa. Familia inabaki na stara yake, na serikali inabaki na hesabu.

Jambo hilo linawezekana hapa bila kungoja mfumo wa kila kijiji. Linaweza kuanza na hospitali za rufaa za Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa, kwa watu walio chini ya miaka 50 wanaofikishwa wakiwa wameshafariki bila sababu kujulikana, kwa ridhaa ya jamaa na bila kuchelewesha maziko, maana kuchukua damu ni kazi ya dakika chache. Tanzania inayo maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo tayari hupima unga unaokamatwa na kutoa ushahidi mahakamani. Kinachotakiwa ni agizo la kuipelekea damu hiyo kila mara, hata pale ambapo hakuna kesi iliyofunguliwa, na taarifa ya kila mwaka itakayoweka vifo vya wanawake na wanaume kwenye ukurasa ule ule unaoorodhesha kilo zilizokamatwa.